Alichora, Hakujenga

Nililisoma toleo lililopita nikiwa kijiweni hapa stendi ya Mombo. Basi la Arusha limesimama, abiria wanagombania mahindi ya kuchoma na matunda ya Lushoto, wapiga debe wanapiga kelele zao, na mimi nimeinamia ukurasa wa mshikaji wetu mmoja aliyeandika juu ya Ernst May, yule msanifu majengo wa Kijerumani. Makala ndefu, Kiswahili kizuri, na jamaa amesoma, hilo simnyimi. Lakini kadiri nilivyoendelea ndivyo damu ilivyozidi kunichemka. Nikarudi mwanzo na kalamu mkononi, nikawa napiga mstari kila nilipokuta neno moja. Neno lenyewe ni “alijenga”. May alijenga Frankfurt. May alijenga Kampala. May alijenga Moshi. May alijenga Mombasa. Nilipofika mistari kumi na tisa nikaacha kuhesabu, maana basi lilikuwa linaondoka na mtu aliyeniazima gazeti alikuwa anataka kupanda nalo.

Ndugu msomaji, usiniambie neno ni neno tu. Sisi tunaotaka kuitwa waandishi tuna mtaji gani mwingine?

Sentensi za namna hii hatukuanza nazo leo. Darasani tulikaririshwa kwamba Wajerumani walijenga reli ya Tanga na kwamba ilifika Mombo mwaka 1905. Niliandika hivyo kwenye mtihani na nikapigiwa tiki. Hakuna mwalimu aliyeniuliza ni Mjerumani gani aliyebeba mataruma begani kutoka Korogwe, ni Mjerumani gani aliyechimba tuta kwa sururu katika jua hili la Mombo, ambalo hata mbuzi hulikimbia saa sita mchana. Na miaka miwili baadaye, mwaka 1907, huko juu Lushoto, ambako wakati huo walipaita Wilhelmstal, ukaanzishwa utaratibu wa kadi ya kibarua: kila mwanamume atoe siku 30 za kazi kwa mwajiri wa Kizungu katika kila miezi minne, asipotoa anatafutwa. Sasa hebu niambie nani alijenga nini katika Usambara hii. Mjerumani aliamuru, Mjerumani alichora, Mjerumani alilipa kidogo na kuchapa sana. Kujenga ni habari nyingine.

Naongea kwa uchungu kwa sababu mimi ni mtoto wa fundi mwashi. Siyo mkandarasi mwenye gari na kofia ya plastiki. Fundi mwashi, mwenye mwiko, timazi na pimamaji lililofungwa kwenye kitambaa ili kioo kisivunjike. Likizo zote za shule ya msingi na sekondari nilikuwa saidia fundi wake. Nimebeba karai za zege hadi ngozi ya utosi ikaota sugu. Nimeloweka tofali, nimechekecha mchanga wa mtoni, nimeshika ncha ya kamba saa nzima huku mzee akifunga jicho moja na kuniambia, kaza, umelegeza. Kwa hiyo ninapoona mtu ameandika kwamba bwana fulani alijenga mji, macho yangu yanakwenda kwanza kwenye mikono ya huyo bwana.

Na Kiswahili kimetupa maneno, sisi ndio wavivu wa kuyatumia. Kuna kuchora, au tukitaka heshima tuseme kusanifu; hiyo ni kazi ya mwenye kalamu. Kuna kujenga, hiyo ni kazi ya mwenye mwiko. Halafu kuna kujengesha. Hiyo ni ya mwenye pesa. Mwanamke wa Mombo anayeuza vitumbua miaka kumi akainua vyumba viwili, majirani hawasemi amejenga kwa mkono wake, wanasema amejengesha, na wanasema kwa heshima. Bibi yangu ambaye hakuona darasa alizitenganisha kazi hizo tatu bila kufikiri. Sisi wasomi tumezikoroga zote kwenye sufuria moja, kisha tumemwekea sahani Mzungu mmoja.

Sasa tuje kwa May mwenyewe, maana sitaki mtu aseme nimemkwepa. Na tena nikiri: maisha yake yananivutia.

Alizaliwa Frankfurt mwaka 1886. Akiwa kijana alikwenda Uingereza akafanya kazi chini ya Raymond Unwin, mmoja wa mabingwa wa miji ya bustani, ile fikra kwamba mfanyakazi naye ana haki ya mti na jua dirishani. Mwaka 1925 mji wa Frankfurt ukamkabidhi idara yake ya ujenzi. Ujerumani ilikuwa imetoka vitani imechakaa, watu wamebanana kama dagaa. Katika miaka mitano, May na wenzake wakasimamia makazi mapya zaidi ya 10,000: Römerstadt, Praunheim na vitongoji vingine. Mwaka 1929 wasanifu wa nchi nyingi wakakutana Frankfurt kujadili swali ambalo hata leo naliona kubwa: nyumba ndogo kabisa, ambayo binadamu anaweza kuishi ndani yake akabaki binadamu, inapaswa iweje?

Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba alianzisha jarida. Liliitwa Das Neue Frankfurt, likaanza kutoka mwaka 1926, na humo waliandika juu ya nyumba, viti, taa, sinema na mabango. Yaani alielewa kuwa nyumba isiyosimuliwa ni nusu nyumba. Na sisi tunaohangaika kutafuta hela ya karatasi, tumwelewe hapo. Ila mtazame pia alivyofaidi: aliyekuwa na jarida ndiye jina lake limebaki. Waliopandisha kuta hawakuwa na jarida.

Hata huko kwao, huo mchezo wa jina moja kufunika mengine ulikuwepo. Jiko maarufu la Frankfurt, lile jembamba lenye upana usiofika mita mbili na urefu kama mita tatu na nusu, kila kitu mkono unakifikia, yapata majiko 10,000 yaliwekwa katika nyumba zile. Lilichorwa mwaka 1926 na mwanamke, Margarete Schütte-Lihotzky wa Vienna. Mama huyu baadaye alijiunga na wapinzani wa Hitler, akakamatwa mwaka 1941 na kukaa gerezani hadi vita ilipokwisha mwaka 1945. Aliishi mpaka mwaka 2000, karibu miaka 103. Sasa jaribu pale kijiweni kwenu, taja May, kisha taja Lihotzky, uone ni jina lipi watu wanalijua. (Jiko lenyewe, nikisema kweli, lilichorwa kwa mwanamke mmoja anayepika peke yake amefungiwa mlango. Mama yangu angelitazama mara moja akauliza: wageni wanakaa wapi?)

Mwaka 1930 May akachukua timu yake, mama huyo akiwemo, wakaenda Urusi ya Kisovieti kuchora miji mipya ya viwanda, Magnitogorsk ukiwa mmojawapo. Walikuta watu wanaishi kwenye mahema na mabanda, chuma kinataka kuyeyushwa leo, nyumba zitasubiri. Ilipofika mwisho wa 1933 kazi ilikuwa imemshinda, na kurudi nyumbani hawezi: Hitler ameshika nchi, na May ukoo wake ulikuwa na damu ya Kiyahudi, tena alishapakwa rangi nyekundu kwa kufanya kazi Moscow. Ndipo, mwaka 1934, akaja kwetu Tanganyika na familia yake, akanunua shamba karibu na Arusha. Mtu aliyesimamia mji mzima wa Ujerumani akawa mkulima. Nikipita kwenye reli hii ya Mombo huwa nafikiri juu ya hilo. Tanga hadi Arusha ni reli hii hii moja.

Mkimbizi. Hilo neno mshikaji wetu hakulitumia hata mara moja. Alimwita “mwasisi” na “painia”. Mimi naona mkimbizi linampendeza zaidi, linamfanya mtu. Lakini tusisahau alikimbilia wapi na kwa daraja gani. Mwafrika aliyefukuzwa kwao mwaka 1934 hakushuka melini na kununua shamba mlimani Meru. Nchi iliyompokea ilikuwa imeshawanyang'anya wengine ardhi kabla yeye hajafika.

Mwaka 1937 akahamia Nairobi kufungua ofisi ya usanifu. Vita ilipopamba moto Waingereza wakamweka kizuizini kama raia wa nchi adui, ingawa nchi hiyo adui ndiyo iliyomkimbiza. Alipotoka akarudi kwenye kalamu. Na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana hapa makala ya mwenzetu ilikimbia kama basi lisilotaka kusimama Mombo.

Katika miaka ya 1945 hadi 1947 May aliandaa mpango wa kuupanua mji wa Kampala kuelekea vilima vya Kololo na Naguru. Karatasi yenyewe ni nzuri kuitazama: mitaa inafuata mgongo wa kilima, mabonde yameachwa kijani, kila mtaa na shule yake. Mtu wa fani akiiona anapiga mluzi. Lakini soma nani amepangwa wapi. Wazungu kule, Wahindi kule, Waafrika kilima kingine, Naguru, na katikati majani ya kuwatenganisha. Yule yule aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya ukoo, anakaa mezani na penseli anagawa vilima kwa ukoo. Simwiti katili, huo ndio ulikuwa mpango wa serikali iliyomwajiri, na alikuwa anahitaji kazi. Namwita mchoraji. Mchoraji huchora anachoagizwa na mwenye kujengesha, na aliyekuwa anajengesha Kampala ya 1947 alikuwa mkoloni. Ukisema “May alijenga Kampala” umemfuta mkoloni aliyeagiza, umewafuta wajenzi waliojenga, na umembebesha May peke yake sifa ambayo kwa kweli ni lawama ya watu watatu.

Kuna na ile nyumba yake ya mwaka 1945. Alibuni vipande vya zege vya kutengenezwa kiwandani, vyenye ndoano, unavipachika kimoja juu ya kingine hadi ukuta unapinda na kuwa paa. Ukiitazama umbo lake unaona kibanda cha nyasi cha babu zetu, ila sasa cha zege. Ilikusudiwa iwe nyumba ya Mwafrika: rahisi, imara, ya haraka. Watu husifu kwamba aliheshimu umbo la asili. Labda. Mimi kama mtoto wa fundi nilishtushwa na jambo jingine. Fikra ya nyumba ile ilikuwa kwamba yeyote aweza kuiunganisha, hata asiyejua kazi. Yaani nyumba isiyomhitaji fundi! Umbo la nyumba wamelichukua kwa watu wanaojua kujenga, halafu ujuzi wao ndio wa kwanza kuachwa nje ya mlango. Babu aliyejua nyasi gani hukatwa mwezi gani, fito ipi haioliwi na mchwa, kwenye mpango ule yeye ni mtu wa kushika ndoano. Nyumba zile hazikuenea. Sishangai.

Lakini sasa Moshi. Moshi ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Ukifika Moshi mjini, karibu na mnara wa saa, kuna jengo la KNCU. Ofisi ya May ndiyo iliyolichora, na kazi ilikwenda tangu 1949 mpaka 1952. Ndani kulikuwa na ofisi za chama, maktaba, ukumbi, vyumba vya kulala wageni, na chuo cha biashara cha kuwafundisha vijana wa wakulima kushika hesabu zao wenyewe. Nilikwenda kulitazama kwa nauli yangu. Nilisimama upande wa pili wa barabara kama mshamba kweli, muuza miwani akanifuata mara tatu. Ni jengo tulivu. Halijivuni. Linakuachia kivuli.

Nani alilijenga? Mwenzetu anajibu: May. Tuyapange maneno sawasawa. Lilijengeshwa na wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Hawa watu walikuwa na chama chao tangu 1925, kikaitwa KNPA, walowezi wakakipigia kelele kwa sababu hawakutaka kumwona Mwafrika analima kahawa na kuiuza kama wao. Mwaka 1933 kikazaliwa upya kama KNCU. Miaka baada ya Vita Kuu ya Pili bei ya kahawa duniani ikapanda. Wangeweza kugawana zile hela zikaisha kwenye baiskeli na kanga, na nani angewalaumu? Wakaamua jengo. Fikiria hiyo miaka, kabla ya TANU kuzaliwa, wakulima weusi wanamwajiri msanifu aliyewahi kuongoza ujenzi wa Frankfurt, wanamwambia: tuchoree. Yeye ndiye aliyekuja kufanya kazi kwao. Wao ndio waliomlipa. Kila tofali pale ni kahawa iliyochumwa na mama mwenye mtoto mgongoni, ikamenywa, ikalowekwa, ikaanikwa, ikabebwa kichwani hadi chama cha msingi, ikapimwa.

Kwenye makala ya mwenzetu habari hiyo yote ilipata nusu sentensi: “kwa ufadhili wa chama cha wakulima”. Ufadhili! Kana kwamba wakulima walimsaidia May atimize ndoto zake. Jamani, huo ni usanii, na si ule wa kalamu.

Upande wa waliojenga hata hiyo nusu sentensi haukupata. Katika yote niliyowahi kusoma juu ya jengo lile nimekuta jina la May kila mahali, sijakuta jina la mwashi hata mmoja. Jengo la ukubwa ule haliinuki kwa watu watano. Kuna aliyesuka nondo, kuna seremala aliyepiga mbao za kumiminia zege, kuna aliyekesha akimwagia maji zege lisipasuke. Mwaka 1976 serikali ilipovifuta vyama vikuu vya ushirika nchini, chama kilikwenda, jengo likabaki limesimama. Zege la watu wale halikujua siasa.

Yapo mengine aliyochora: fleti za Nairobi, hospitali ya uzazi ya Aga Khan Kisumu, hoteli ya Oceanic Mombasa. Nayapita, hoja ni ile ile. Mwishoni mwa 1953 akarudi Ujerumani, akapata kazi kubwa Hamburg ya kuinua miji iliyopigwa mabomu, akafa huko mwaka 1970. Wajerumani wamemfanyia maonyesho na vitabu. Ni haki yao, ni mtu wao.

Najua atakayeniinukia. Atasema: ramani ndiyo akili, fundi ni mkono tu, bila May mafundi wangejua nini? Hoja hiyo nimeisikia hata kwa vijana wa hapa, waliosoma veta wakarudi na dharau. Nijibu kwa kisa kimoja nilichokiona kwa macho yangu. Mzee wangu aliwahi kuchukua kazi ya kujenga madarasa ya shule moja, siitaji, huku chini ya milima. Ramani ikaja imepigwa mhuri, safi kabisa. Mhandisi akaja na gari, akachomeka mambo, akasema msingi hapa. Mzee akatazama mlima, akatazama miti, akasema, mkubwa, hapa ni njia ya maji. Wakati huo ni kiangazi, hakuna hata tone, majani yamekauka. Jamaa akacheka. Mzee hakubishana, alimshika mkono kwa adabu akampeleka hatua kama thelathini, akamwonyesha mawe ya mviringo yaliyofunikwa na vumbi. Mawe ya mviringo hayaji yenyewe, huletwa na mto. Msingi ukasogezwa. Mvua za masika zilizofuata, korongo lilishuka na magogo, likapita pale pale lilipokuwa litoke darasa la tatu. Akili ile ilikuwa kwenye ramani ipi?

Shule ilipokamilika wakaleta jiwe la msingi, marumaru nyeupe, herufi za dhahabu. Limeandikwa jina la mgeni rasmi aliyekuja kwa muda wa saa moja, akakata utepe, akanywa soda, akaondoka. Mzee ndiye aliyelipachika ukutani kwa mwiko wake, akalisawazisha kwa pimamaji, akalifuta vumbi kwa shati. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilimuuliza kwa nini hawakuandika jina lake hata chini kwa herufi ndogo. Akaniambia, wewe chekecha mchanga.

Kwa hiyo nisije nikaeleweka vibaya: ugonjwa huu si wa Wazungu peke yao, sisi tunaufuga wenyewe. Na wala sisemi tumtoe May tumweke Mwafrika kwenye sahani ile ile. Tunaye Beda Amuli, Mwafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kuhitimu usanifu majengo, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki 2016. Alichora Soko la Kariakoo, lile la nguzo za zege zilizochanua kama miavuli, lililofunguliwa miaka ya 1970. Najivunia Amuli kuliko ninavyoweza kusema. Soko lilipoungua Julai 2021 nilikaa na simu usiku nikitazama picha za moto kama nimefiwa. Lakini hata yeye, sema alichora. Usiseme alijenga Kariakoo. Yeye mwenyewe, mtu wa fani, angekusahihisha.

Mshikaji wangu, uliyeandika makala ile, sikuandikii kwa ubaya. Umefanya kazi ya kusoma, wengi wetu hatusomi. Lakini wewe ni kijana wa mjini unayetaka kuwa mwandishi, na kesho utaandika riwaya yenye nyumba ndani yake, mtaa, daraja, stesheni. Hapa kwetu stesheni ya Mombo ilikaa kimya miaka mingi. Reli ilipokarabatiwa na treni ya abiria kurudi Moshi mwaka 2019, waliong'oa magugu na kukaza misumari walikuwa vijana wa vijiji vya humu njiani, baadhi nawajua kwa sura. Ukija kuandika, utaandika nani aliirudisha reli? Nasubiri kuona.

Mimi nimeshaanza upande wangu. Wiki iliyopita nilimkalisha mzee barazani, miguu sasa imemvimba na mwiko ameshautundika, nikamwomba anitajie wote aliofanya nao kazi kwenye yale madarasa. Alidhani nina wazimu. Halafu akaanza. Mmoja wa Vuga, ndugu wawili kutoka Soni, mmoja Mzigua wa Korogwe, kijana wa Mazinde aliyekuwa akipanda jukwaani bila ngazi. Alitaja kumi na moja. Wa kumi na mbili alimkumbuka kwamba alikuwa anatumia mkono wa kushoto na kwamba kona zake hazikuhitaji timazi, jina likamtoka. Ametuma mtu Bumbuli kwenda kuliulizia. Mhariri akiniachia nafasi toleo lijalo, nitayaleta yote kumi na mawili.